Jibu: Ranchi ya wageni Wyoming au Colorado, watoto wa miaka 5 na 9

Umeuliza kuhusu kuwapeleka watoto wako wa miaka 5 na 9 kwenye ranchi ya wageni, yaani shamba la mifugo ambako watalii hukaa na kupanda farasi, huko Wyoming au Colorado, Marekani. Huyo wa miaka 5 ndiye wa kuangalia kwanza, ndugu. Ranchi nyingi haziruhusu mtoto chini ya miaka 6 au 7 kutoka na msafara wa farasi; wadogo huzungushwa uwanjani, kamba ikishikwa na mfanyakazi. Waulize kabla ya kulipa: umri wa chini, kikomo cha uzito kwa watu wazima, na kama helmeti za watoto zipo. Bei ya wiki hujumuisha chakula na farasi, lakini bakshishi, asilimia 15 hadi 20, mara nyingi iko nje. Viatu viwe na kisigino: soli bapa huteleza, mguu ukanasa kwenye kikuku (pete ya kukanyagia inayoning'inia kwenye tandiko), na hapo mtu huburutwa.