Matarumbeta mwaloni siku ya kumbukumbu: yanafaa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka jana mtumbwi uliokuwa ukirudisha watu kutoka mnadani ulizama karibu na kwetu hapa Kibirizi, Kigoma, na majirani kadhaa, akiwemo binamu yangu, walipoteza maisha. Mwezi ujao tunatimiza mwaka. Vijana wa mtaa wanataka tukusanyike mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, tuite kwaya na kikundi cha matarumbeta. Baba mdogo amekataa katakata. Anasema kupiga muziki hadharani mahali walipofia watu ni kuwakosea marehemu heshima. Wafiwa ni Waislamu na Wakristo. Tufanyeje?
Msomaji, Kibirizi

JIBU: Poleni sana, ndugu yetu, wewe na wafiwa wote wa Kibirizi.

Baba yako mdogo asikilizwe kwanza, kwa sababu naamini kinachomuumiza ni matarumbeta zaidi ya muziki wenyewe. Kwetu matarumbeta ni sauti ya harusi: yakilia barabarani, watoto hukimbilia dirishani kumtazama bibi harusi, na kina mama hupiga vigelegele kabla gari halijatokea. Mtu aliyelisikia tarumbeta maisha yake yote katika furaha hawezi kuambiwa leo kwamba linalia msiba. Hapo mzee ana haki kabisa.

Hata hivyo, kuomboleza kwa muziki mbele ya watu si jambo geni nchini. Mwalimu Nyerere alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, redio iliweka kando burudani ikapiga nyimbo za maombolezo, na sisi tulioisikia tulijua, hata kabla mtangazaji hajasema neno, kwamba nchi imefiwa. Mbali na hapa, katika mji wa Sarajevo, nchini Bosnia, uliokuwa umezingirwa kwa vita, tarehe 27 Mei 1992 kombora liliua watu zaidi ya ishirini waliokuwa wamepanga foleni ya mkate. Mwanamuziki Vedran Smailović alivaa suti yake ya jukwaani, akabeba selo, ala ya nyuzi mfano wa zeze kubwa, akaenda kuipiga palepale walipouawa. Alikuwa peke yake, hana spika wala mshereheshaji, na hakuna aliyeweza kudhani kwamba anasherehekea.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mkusanyike, lakini matarumbeta myaache. Kwaya iimbe bila vinanda vya umeme, nyimbo mbili au tatu ambazo watu wazima wanazijua na wanaweza kuitikia, kwa kuwa mfiwa anayeitikia hafanywi mtazamaji wa msiba wake mwenyewe. Familia za Kiislamu zisilazimishwe kusimama penye nyimbo; wako watakaotosheka na kisomo na dua, na hao wapewe nafasi yao kwanza, asubuhi, kisha anayependa ateremke mwaloni. Wafiwa wote waulizwe nyumba kwa nyumba, na nyumba itakayosema jina la marehemu wao lisitajwe hadharani, lisitajwe. Hotuba za wagombea na michango ya papo kwa papo msiziruhusu hata kidogo.

Kuhusu siku, chagueni wakati wa mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani kwa sababu taa zao hazivuti samaki mbele ya mwanga wa mwezi. Mara nyingi wao ndio huwaopoa watu katika ajali za ziwani, na itakuwa vibaya kumbukumbu ifanyike wakiwa majini. Waombeni wenye mitumbwi wazime injini kwa muda huo.

Majina yasomwe polepole, na baada ya kila jina ngoma ipigwe pigo moja tu, kisha paachwe kimya cha kutosha kusikia maji yakigonga mitumbwi. Kazi ya kuyasoma mwombeni baba yako mdogo, na nendeni kwake mapema, mkiwa na karatasi ya majina mkononi, ili ayapitie na kuwaambia mmemsahau nani.