Maswali na Majibu: Tunahama na Watoto Wadogo, Twende Wapi?

Kila Desemba inapokaribia, wakati wazazi wanatafuta nafasi za shule kabla ya Januari, barua zinazouliza habari za kuhama huongezeka. Wengi huniuliza mkoa upi ni mzuri. Ninajibu zaidi kuhusu mtaa, kwa sababu mtoto wa miaka minne hajui kama anaishi Dodoma au Arusha. Anachokijua ni nyumba, shule, zahanati anayopelekwa akiumwa, na maji anayokunywa.

Mume wangu ni mtumishi wa umma, amehamishiwa Dodoma. Mimi nina fremu ya vitenge Kariakoo, na watoto wetu wana miaka minne na saba. Mawifi zangu wanashauri nibaki Dar es Salaam, yeye awe anakuja kwa treni kila mwisho wa juma. Tufanyeje? (Mama wa wawili, Tabata)

Dada yangu, ushauri huo umeanza kuonekana mwepesi tangu treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, ilipoanza kupeleka abiria Dodoma mwezi Julai 2024, kwa sababu safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima kwa basi sasa ni ya saa tatu hadi nne. Hata hivyo, chukueni kalamu. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000 kwa safari moja, kwa hiyo mtu anayekuja na kurudi mara nne kwa mwezi anatumia shilingi 248,000 kabla hajalipa bajaji ya kwenda stesheni, kodi ya chumba chake cha Dodoma na chakula cha hotelini, kwa maana mwanamume anayeishi peke yake ni nadra kupika. Nyumba mbili zina kodi mbili, Luku mbili na majiko mawili.

Upande wa pili ni watoto. Baba anayefika Ijumaa usiku huwakuta wamelala, na Jumapili alasiri huanza kuangalia saa. Kwa miezi sita hali hiyo inavumilika, lakini uhamisho wa makao makuu hauna tarehe ya kwisha, kwa sababu Serikali haikwenda Dodoma kwa majaribio. Mawifi wana haki ya kutoa maoni, ila si wao watakaoamka saa nane za usiku mtoto akiwa na homa.

Kwa maoni yangu, hameni, lakini kwa hatua. Mume atangulie muhula mmoja na apange sehemu ndogo bila kujifunga na mkataba wa mwaka mzima. Wewe nenda ukakae naye siku kadhaa mwezi wa Oktoba, wala usisubiri Februari mji ukiwa wa kijani. Dodoma hupata mvua msimu mmoja tu, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, na mji kwa miaka mingi umetegemea visima vya Mzakwe huku watu wakiongezeka kwa kasi. Mwishoni mwa kiangazi ndipo utakapojua mtaa upi una mgao mkali. Usimuulize mwenye nyumba kama maji yapo, kwa kuwa atakwambia yapo. Muulize jirani anayefua nje ni siku gani maji hutoka na kwa saa ngapi, kisha angalia ukubwa wa matangi ya nyumba za jirani. Ukiona kila nyumba ina tangi la lita elfu mbili au zaidi, umeshajibiwa.

Kama ofisi yake iko Mji wa Serikali, Mtumba, kumbukeni kwamba huko ni mashariki ya mji, zaidi ya kilomita kumi na tano kutoka katikati. Nzuguni na Ihumwa zipo upande huo na zitampunguzia safari yeye. Kisasa na Ilazo ziko karibu zaidi na mji, kwa shule na hospitali. Ningechagua kinachowafupishia watoto njia, kwa sababu mtu mzima anaweza kupanda basi la wafanyakazi ilhali mtoto wa miaka minne hawezi. Katika mitaa mipya angalieni pia vumbi la barabara ambazo hazijawekwa lami, ambalo huanza kusumbua vifua mwezi wa Julai.

Kuhusu fremu, tafadhali usiiachie haraka. Unajua mwenyewe kwamba fremu ya Kariakoo ikishatoka mkononi, kurudi ni kulipa upya kilemba, yaani fedha ya kuachiwa fremu. Iache kwa mtu unayemwamini, kwa hesabu zinazoandikwa kila siku, wewe uanze kuuza Dodoma kwa mzigo mdogo. Watumishi wa ofisi ni wateja wazuri wa vitenge, hasa wale wa vikundi vya kuweka na kukopa, ila watakuomba walipe mwisho wa mwezi. Amua mapema utakopesha kiasi gani.

Tumepata kazi Arusha, na binti yetu ana miaka miwili. Bibi yake anasema maji ya huko yataharibu meno ya mtoto. Ni kweli, au ni hofu ya wazee tu? (Baba, Mwanza)

Bibi anasema kweli, kaka. Maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru, pamoja na sehemu za Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga, yana madini ya floraidi kwa wingi kwenye maji ya chini ya ardhi, kutokana na miamba ya volkano na ya aina nyingine inayoachia madini hayo taratibu. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja, na baadhi ya visima na vijito vya ukanda huo huvuka kiwango hicho mara kadhaa. Yakizidi kwa miaka mingi huathiri hata mifupa, lakini mtoto mdogo ndiye anayeonekana mapema, kwa kuwa meno yake ya kudumu yanaumbwa ndani ya fizi tangu anapozaliwa hadi karibu miaka minane. Doa la kahawia utakaloliona akiwa darasa la pili lilianza kuwekwa leo. Binti yako, kwa hiyo, yumo katikati ya umri wenyewe.

Hilo halina maana kwamba msihamie Arusha. Maana yake ni kwamba swali la maji litangulie swali la vyumba vingapi. Kabla ya kulipa kodi, ulizeni nyumba inapata maji ya mamlaka ya mji au ya kisima cha mwenye nyumba. Mradi mkubwa wa maji wa jiji, uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umeongeza vyanzo na kuboresha hali, ila mtaa na mtaa hazifanani, na mamlaka ya maji ndiyo inayoweza kukuonyesha majibu ya vipimo vya chanzo kinachowahudumia. Kisima binafsi kipimwe, kwa gharama yenu ikibidi. Rangi na ladha hazitakwambia lolote.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wazazi wengi hukosea: kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, madini hubaki na kukolea zaidi. Chemsheni kwa ajili ya vijidudu, lakini kwa floraidi tafuteni chujio la mkaa wa mifupa, ambalo limetumika sana huko kaskazini, au mashine ya kuchuja kwa utando maalumu, au kingeni maji ya mvua kwa bati safi. Kama fedha haitoshi kwa maji yote ya nyumba, si lazima itoshe: maji ya kuogea na kufulia hayana shida. Yanayohitaji uangalifu ni ya kunywa, ya uji, ya kukorogea maziwa ya unga na ya kupikia. Halafu kuna magadi yanayotiwa kwenye makande na maharage ili yaive upesi, ambayo nayo mara nyingi yana floraidi. Makande ya mtoto yapikwe bila magadi, hata kama kuni zitakwenda zaidi. Dawa ya meno kwa umri wake iwe kidogo sana, kama punje ya mchele, na mmfundishe kutema.

Mimi na mke wangu tunafanya kazi Posta na tumechoka kupanga. Tumepata kiwanja cha bei nafuu Chanika. Tujenge haraka tuhamie na mtoto wetu wa miaka mitano? (Kaka, Kinondoni)

Msijenge kabla hamjaishi. Pangeni nyumba jirani na kiwanja hicho wakati wa masika, Machi hadi Mei, mwone barabara inavyokuwa na maji yanavyopita. Jijini Dar es Salaam bei nafuu mara nyingi ina sababu yake, na sababu yenyewe huonekana mvua ikinyesha siku tatu mfululizo. Familia zilizohamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011 zilitoka katika mabonde ambayo wakati wa kiangazi yalionekana salama kabisa.

Jambo la pili ni saa zenu. Mkitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku, mtoto wenu atalelewa na dada wa kazi, hata kama nyumba ni yenu. Sisemi ni vibaya, nasema mlijue hilo kabla ya kununua tofali la kwanza. Kuna wenzenu wanaopanga sehemu ndogo karibu na kazi hadi mtoto afike darasa la tatu au la nne, huku wakijenga pole pole. Mimi ningefanya hivyo. Kuhusu karatasi, sahihi ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwenye mauziano haigeuki kuwa hati. Nendeni ofisi ya ardhi mfanye upekuzi, mjue kama eneo limepimwa na limepangiwa matumizi gani.

Tunatoka Moshi kwenda Tabora, mtoto ana miezi kumi. Nisikilize wanaonitisha kuhusu malaria? (Mama, Moshi)

Wasikilize, mama, kisha ujiandae badala ya kuogopa. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, kiwango cha malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano kilikuwa takribani asilimia 8 nchini kote, lakini Tabora kilikuwa kama asilimia 23, ilhali Kilimanjaro kilikuwa chini ya asilimia moja. Mtoto wako anatoka mahali ambapo mwili wake haujawahi kupambana na ugonjwa huo, na ninyi wazazi pia mko hivyo hivyo.

Chandarua chenye dawa kiwe cha kwanza kufunguliwa siku mtakapofika, kabla ya masufuria. Watoto hugawiwa kliniki wakati wa chanjo ya surua ya miezi tisa, hivyo kama hukupewa chako, uliza ukiwa bado Moshi. Chagueni nyumba yenye nyavu madirishani na isiyopakana na dimbwi au mashamba ya mpunga. Kubwa zaidi, homa yoyote ya mtoto ipimwe ndani ya saa ishirini na nne, hata kama mama jirani anasema ni meno. Kwa hiyo umbali wa kituo cha afya chenye kipimo na dawa mseto ni sifa ya nyumba kama ilivyo idadi ya vyumba.

Mtoto wetu ana pumu. Tumeambiwa tuhamie Njombe, hewa ni safi. (Baba, Temeke)

Hewa ni safi, lakini ni ya baridi, hasa Juni na Julai, na baridi huamsha pumu kwa watoto wengi. Tena nyumba za huko hupashwa joto kwa jiko la kuni au mkaa na madirisha yamefungwa. Mwulizeni kwanza daktari anayemtibu ni kitu gani kinachomsumbua mtoto wenu: vumbi, moshi, baridi au mafua. Kisha mpelekeni likizo ya Juni, mkiwa na dawa zake, mwone anavyolala usiku.

Nimepata kazi ya hoteli Nungwi. Nimchukue mke na mtoto wa miaka mitatu sasa hivi? (Kijana, Tanga)

Subiri upite msimu mmoja wa mvua. Wakati wa masika wageni hupungua Unguja, na baadhi ya hoteli hufunga au hupunguza wafanyakazi. Mkataba wako unasema nini kuhusu Aprili na Mei? Kama mshahara husimama, familia isikae kwenye nyumba ya bei ya kitalii. Fikiria kuwapangia mjini au njiani kuelekea mjini, kwa kuwa Nungwi iko mbali, karibu kilomita sitini, na hospitali kubwa ya Mnazi Mmoja iko mjini. Ukifika jitambulishe kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, ukiwa na barua ya mtaa unakotoka. Bila hilo hata kumwandikisha mtoto skuli kutakuwa na mzunguko. Kwa upande wa malaria utakuwa na amani kuliko Tanga.

Je, naweza kumhamisha mtoto wa darasa la nne katikati ya mwaka? (Mama, Mbeya)

Ningekushauri usimhamishe, kwa sababu ana mtihani wa upimaji wa kitaifa, na akishasajiliwa kwenye kituo kimoja, kumtoa ni usumbufu kwake na kwako. Amalize mwaka, akae na bibi au shangazi ikibidi. Usiondoke bila barua ya uhamisho na namba yake ya PREM, yaani namba ya usajili wa mwanafunzi, maana mwalimu mkuu wa shule mpya ataiomba kabla ya kumpa dawati, na kuifuatilia kwa simu kutoka mkoa mwingine Januari, wakati walimu wote wana foleni mlangoni, huchukua wiki.