Papa Adrian IV na Barbarossa: kwa nini hawakupikika chungu kimoja

Mkuu, umeuliza iweje Papa Adrian IV amvike Frederick Barbarossa, mfalme wa Ujerumani, taji la ukaisari mwaka 1155, halafu muda si mrefu wawe hawatazamani usoni. Nafundisha historia ya Kanisa, na swali hili halikosi darasani.

Anzia Sutri, kaskazini mwa Roma, siku chache kabla ya kutawazwa. Papa kaingia kambini kwa Frederick juu ya farasi. Desturi ilimtaka mfalme amwongozee farasi kwa miguu, kisha amshikie kikuku, yaani pa kukanyagia mguu kwenye tandiko, ateremke. Frederick akagoma. Makardinali kuona hivyo, mbio hadi Civita Castellana! Papa akashuka mwenyewe, akaketi. Mfalme akambusu miguu, lakini busu la amani akanyimwa. Mpaka wazee waliowahi kuja na Lothar III, kaisari wa zamani, waliposema kwamba naye alifanya hivyo, ndipo Frederick akakubali.

Wanafunzi hucheka hapo. Huwa nawauliza: rais wa nchi moja akimfungulia mwenzake mlango wa gari mbele ya kamera zote, nani atasema wako sawa? Na Frederick hakuwa na wasiwasi wa bure. Pale Laterano, jumba la Papa kule Roma, kulikuwa na mchoro wa Lothar huyohuyo, wenye maandishi yanayomwita mtu wa Papa, yaani aliye chini yake.

Ila kikuku kilipita. Kilichowavunja, kwa maoni yangu, ni Sicilia. Papa alitegemea jeshi la Frederick limkabili William I, mfalme wa Wanormani wa huko Sicilia. Siku ileile ya kutawazwa, tarehe 18 Juni, Waroma wakafanya fujo, damu ikamwagika. Joto na maradhi vikaongeza, na jeshi likarudi Ujerumani. Papa akabaki peke yake. Mwaka 1156 William akamzingira katika mji wa Benevento, na Papa akalazimika kupatana naye. Wajerumani wakaita usaliti. Sasa walitaka afanye nini, na wao ndio waliomwacha?

Mwaka uliofuata, kwenye baraza la Frederick katika mji wa Besançon, ikasomwa barua ya Papa iliyosikika kana kwamba ufalme ni zawadi yake. Ukumbi ukachafuka, wajumbe wake nusura wakatwe kwa upanga. Mmoja wao alikuwa Kardinali Rolando Bandinelli. Adrian alipofariki Septemba 1159, makardinali wengi wakamchagua huyo, akawa Alexander III. Frederick akamuunga mkono mpinzani wake, Victor IV, na Kanisa likakaa limegawanyika hadi 1177.