Kabla hujafungua kabureta, fungua kifuniko cha tangi

Gari langu ni MGB ya 1969, gari dogo la Kiingereza, viti viwili, paa la turubai, kabureta mbili za SU, yaani vile vifaa vinavyochanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini. Nililikuta limelala chini ya mwembe, kuku wametaga kwenye kiti cha abiria. Kuwa na gari la namna hii hapa Malindi ni kama kuwa na mgonjwa nyumbani: chumvi ya bahari inalila kutoka nje, joto linalisumbua kutoka ndani, na kila apitaye ana dawa yake.

Ugonjwa ninaotaka kuusimulia ulinichukua miezi miwili. Natoka mjini vizuri, nashika barabara ya Mombasa, injini inaimba. Nikikaribia Gede linaanza kukosa nguvu. Linakohoa, linavuta kidogo, linakohoa tena, kimya. Nikikaa robo saa kando ya barabara na kuliwasha, linawaka kana kwamba halijawahi kuumwa. Kilomita chache mbele, yaleyale.

Jinsi linavyokufa ndiyo habari ya kwanza, isikilize. Umeme ukikatika, gari huzima ghafla kama mtu aliyebonyeza swichi, na mshale wa mizunguko ya injini huanguka hapohapo hata kama magurudumu bado yanaisukuma injini. Petroli ikikatika, linakufa kama taa ya chemli inayoishiwa mafuta: unapata nafasi ya kusogea pembeni. Ukivuta choki, ile ya kuongezea injini petroli, na likapata nafuu kidogo, jua ni njaa. Lako likizima, fungua plagi papo hapo, usingoje ufike nyumbani. Zangu zilikuwa kavu: petroli haikuwa inafika.

Hayo yote niliyajua, na bado nikakimbilia kabureta.

Fundi wangu ana mikono mizuri, simlaumu. Hupenda kusimulia Datsun 240Z zilizoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, kwamba nazo zilikuwa na kabureta mbili za mtindo huu wa SU, kwa hiyo hizi za kwangu anazifungua hata usingizini. Alizifungua mara tatu. Pistoni za ndani ya kabureta zilipanda na kushuka bila kukwama, sindano na jeti zilikuwa safi, maboya hayakutoboka. Mara tatu nikalipa, mara tatu nikasimama Gede.

Kosa letu lilikuwa kuanzia mwisho wa safari. Mfereji wa jikoni ukikauka, huanzi kwa kuung'oa; unapanda juu ya paa kuangalia tangi kama lina maji. Petroli nayo hutoka kwenye tangi kule nyuma, ikapita pampu, ikafuata paipu chini ya gari, ikaingia filta, ndipo ikafika kwenye vyumba vya boya, vile vibakuli vya kabureta vinavyoweka petroli. Kabureta ni jikoni.

Pampu ya MGB haiko kwenye injini. Ni ya umeme, imekaa nyuma karibu na betri, na uzuri wake ni kwamba inaongea. Washa swichi bila kuwasha injini, mahali pasipo na kelele za tuktuk. Utasikia tk-tk-tk ya haraka, halafu inapunguza, halafu kimya: vyumba vya boya vimejaa. Ikienda mbio kama cherehani isiyokoma, inavuta hewa. Ama tangi ni tupu, ama mpira wa upande wa tangi umepasuka. Ikiwa kila baada ya sekunde chache inagonga moja, petroli inapotea mahali, na mara nyingi ni uchafu uliozuia sindano ya boya isifunge. Hilo usilicheke, maana katika gari hili kabureta ziko upande mmoja na ekzosi, na petroli ikifurika inashukia kwenye moto.

Pampu ikiwa kimya tangu mwanzo, igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikiamka, pointi zake zimechoka. Kwetu pwani angalia pia waya wa athi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari: unauona mzima, lakini ukiuvuta unakatika, ndani ni unga wa kijani. Kugonga pampu ni kwa ajili ya kufika nyumbani tu. Najua watu waliogonga mwaka mzima.

Yangu ilikuwa inagonga sawasawa. Basi nikapima mtiririko: nikachomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, injini ikiwa baridi kabisa, ndoo ya mchanga pembeni, hakuna mwenye sigara, nikauingiza kwenye kidumu na kuwasha swichi. Pampu nzima ya aina hii itakupa kama nusu lita kwa nusu dakika. Yangu ilitoa hivyo, na nikaitoa hatiani. Nilisahau kitu kimoja: gari lilikuwa limelala usiku kucha, na dakika tano kabla ya kupima nilikuwa nimefungua tangi nikaongeza lita mbili. Yaani nilimpima mgonjwa baada ya kumponya.

Kisha nikaishuku petroli yenyewe, na nilikuwa na ushahidi. Tangi likiwa nusu, nilivuka Gede nikafika hata Mida, mbele yake. Siku niliyolijaza, sikufika hata Msabaha, kabla ya Gede. Nikaamini kabisa kwamba kituo kile kinachanganya mafuta ya taa, na nilibakisha kidogo nikagombane nao. Nashukuru nilianza na chupa. Chukua chupa ya kioo nyeupe, tia petroli kutoka chini ya tangi, iache itulie. Maji yakiwamo yatakaa chini na kubingirika kama shanga ukiinamisha. Yangu haikuwa na maji, wala haikunuka mafuta ya taa. Ilikuwa na unga kidogo wa kutu, mwekundu kama pilipili ya kusaga. Nikabadilisha filta. Gede ikabaki Gede.

Aliyenitoa ni jirani yangu wa Shela, mvuvi, mtu wa rika la baba yangu. Siku hiyo nilikuwa nampeleka Watamu kufuata spea ya mashine ya boti. Tukazimikiwa palepale. Mimi nikaenda kufungua boneti. Yeye akazunguka nyuma.

"Mwanangu, tangi hili linapumua wapi?"

"Sijui, ami."

"Hujui! Sisi ukisahau kufungulia ile skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi, unatoka gatini vizuri, ukifika maweni mashine inakata. Ukishika kile kibofu cha kupampia, kiko bapa."

Akanituma niwashe swichi. Kule nyuma pampu ikagonga mara moja, ikanyamaza. Akashika kifuniko akakizungusha. Ikatoka sauti, fyuuuu, ndefu, hewa ikiingia ndani na si kutoka, kiasi cha kuvuta pembe ya kikoi chake mpaka kwenye shingo ya tangi. Kabla haijakoma, pampu ikaanza: tk-tk-tk-tk, kisha polepole, kisha kimya. Nikapiga stata. Likawaka.

Kifuniko cha zamani kilipotea, nami nikanunua kipya Mombasa, cha kufungwa kwa ufunguo, kinang'aa. Hakikuwa na njia ya hewa. Pampu inavuta petroli, hewa haiingii kujaza nafasi, tangi linakaza, mwishowe pampu haiwezi tena. Ukikaa robo saa, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, ndiyo maana gari linawaka. Na tangi likiwa limejaa, ile nafasi ya hewa juu ni ndogo, kwa hiyo linakaza upesi zaidi. Ushahidi wangu dhidi ya kituo cha petroli ulikuwa wa kweli, ila mshtakiwa hakuwa yeye.

Usitoboe kifuniko kwa msumari kama nilivyoshauriwa na watu watatu. Mvua itaingia, na kwenye kona petroli itamwagika. Tafuta kinachopumua, kilichotengenezwa kwa gari lako.

Wengine wataniambia ni joto, petroli inachemka kwenye paipu. Hilo nalo lipo, hasa kwa magari yenye pampu ya kuvuta iliyofungwa kwenye injini. Lakini joto kwa kawaida hukukamata umeshasimama: umezima dukani dakika kumi, unarudi, halitaki. Langu lilikata likiwa mwendoni, upepo unapita. Wala kufungua kifuniko hakutapoza paipu iliyochemka, kwa hiyo jaribio ni lilelile na halina gharama.

Nilipomsimulia fundi, alinyamaza kidogo. Halafu akafuta mikono, akaenda kwenye pikapu ya Peugeot 504 iliyokuwa imelala gerejini kwake tangu Jumatatu, kabureta yake iko mezani vipande vipande, akafungua kifuniko cha tangi na kutega sikio.