Homa ikirudi kila wiki, usikimbilie kulaumu kinga yako

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, anasema homa inamshika siku tatu nne, inaachia, wiki ikipita inarudi, ameshameza mseto wa malaria dozi mbili na sasa anataka nimwelekeze dawa ya kuongeza kinga. Nimeisoma nikakumbuka mbali.

Mwaka juzi nilitoka Dar kwenda msibani kwa bibi, vijijini Dodoma, nyumba ya tembe, tukalala chini kwenye mkeka siku tatu na wala sikusikia kitu kuniuma. Nimerudi mjini, siku ya nane hivi kichwa kinapasuka, mgongo, natapika. Dispensari wakanitoboa kidole, malaria hamna, nikapewa mseto hivyo hivyo. Nikapona! Wiki haijaisha homa hiyo tena. Mara ya tatu mhudumu akasema kwa sauti mbele za watu, mama kinga yako imeshuka, kapime na mengine, na lile jicho alilonitupia mpaka leo sijalisahau. Nikapima, kote safi. Hela niliyomaliza kwenye unga wa mlonge na vidonge vya kinga ni kodi ya miezi miwili.

Aliyeniokoa ni kijana wa maabara hospitali nyingine, akachukua damu homa ikiwa imepanda, akaweka tone kwenye darubini akaniita nichungulie: katikati ya seli kuna vitu vyembamba vimejisokota kama springi ya kalamu, vinacheza. Akauliza, ulilala nyumba ya udongo? Basi ni papasi, wale kupe wa kwenye nyufa za nyumba za udongo, wakikuuma wanakuachia bakteria hao.

Sasa nisikilizeni. Kinga yangu haikua imelala, ilikua kazini usiku na mchana. Bakteria wa homa ya papasi ana koti la protini, mwili unalijua, unatengeneza antibodi, yaani silaha zake za kupambana na vidudu, unawafagia karibu wote, homa inashuka, kumbe wachache wameshabadili koti, wanazaana, mwili unaanza upya. Ndio maana ukipima siku umepoa huonekani na kitu. Dokta Joseph Dutton, Mwingereza, alikufa kwa homa hii Kongo mwaka 1905 akiwa anaichunguza, na bakteria akapewa jina lake. Bibi yangu mzima, papasi wamemuuma tangu utoto mwili umewazoea, wanaoteseka ni wageni, watoto na wajawazito, na mimba zinatoka.

Kapime homa ikiwa juu, na useme ulilala wapi. Dawa ni antibayotiki za kawaida ila dozi ya kwanza uwe hospitali, mimi ilinitetemesha masaa manne, vidudu vikifa kwa mkupuo homa inapanda kwanza. Mjamzito usisubiri kesho. Na acheni kununua kinga kwenye makopo, nasema tena acheni, kapimeni damu.

Kwa bibi tumeshapiga plasta na sakafu ya simenti. Baba mdogo alipochokoa ufa pale nilipolaza kichwa walidondoka papasi wanne, wa kijivu, wamesinyaa kama maharage makavu, nikadhani wamekufa mpaka mmoja alipoanza kutembea.