Kabla Hujaagiza Kompyuta: Kwa Waratibu Wapya wa Fedha za Serikali Kuu Mashuleni

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa mama mmoja kijana, Mkongo aliyekulia katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, ambaye sasa anafanya kazi katika shule ya msingi hapa Marekani. "Shikamoo Mwalimu," aliandika, "nimepewa jukumu la kuratibu masomo ya ziada yanayolipiwa na Title I, zile fedha za serikali kuu kwa shule zenye watoto wengi wa familia maskini. Mkuu wa shule anasema zimebaki fedha ambazo muda wake unakaribia kwisha, na amenishauri niagize kompyuta. Je, niagize?" Niliitikia marahaba, nikamsihi asiagize kitu kwanza, kisha nikashindwa kuendelea kuandika, kwa sababu swali lake lilinirudisha kwenye jambo ambalo sijawahi kulieleza hadharani.

Nilifundisha Kigoma kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia huku. Baada ya muda mrefu wa kuwa msaidizi wa darasani, niliteuliwa kuwa mratibu wa kituo cha masomo ya baada ya saa za shule, kimojawapo kati ya vile vinavyoitwa vituo vya jamii vya kujifunzia vya karne ya 21. Fedha zake hutoka serikali kuu, hupitia idara ya elimu ya jimbo, na shule huzigombea kwa maombi ya maandishi. Kwa mujibu wa sheria, ruzuku moja haipungui dola 50,000 kwa mwaka, nayo hudumu kati ya miaka 3 na 5. Kwangu mimi, mtu niliyezoea kugawa chaki vipandevipande, uteuzi ule ulikuwa heshima kubwa, na sikutaka mtu yeyote aone kwamba yapo nisiyoyajua.

Ndipo nilipokosea. Mwaka wangu wa kwanza ulipokaribia kwisha, fedha zilikuwa zimebaki, na msimamizi wangu akaniambia kwamba fedha zisizotumika hurudi zilikotoka. Niliagiza tableti 42 katika wiki moja. Zilipofika tuliwagawia watoto kwa sherehe ndogo, lakini baada ya mwezi mmoja nikagundua kwamba wengi hawakuwa na intaneti nyumbani, na kwamba wale wageni kabisa, waliofika moja kwa moja kutoka kambini, walikuwa bado hawajajua kusoma katika lugha yoyote. Walihitaji mtu mzima wa kukaa nao juu ya kitabu, na fedha za kumlipa mtu huyo nilikuwa nimezimaliza.

Mwaka uliofuata walikuja wafuatiliaji kutoka ngazi ya jimbo. Hawakuwa wakali. Waliuliza swali moja tu kuhusu tableti: zinajibu hitaji lipi katika tathmini ya mahitaji mliyoiwasilisha? Sikuwa na jibu. Kanuni zinataka kila matumizi yawe ya lazima, yawe ya kiasi kinachostahili, na yahusiane moja kwa moja na kazi iliyoombewa ruzuku, nami sikuweza kuonyesha hata la kwanza. Kisha wakaomba kumbukumbu za saa za kazi za walimu wawili waliolipwa kwa sehemu kutoka ruzuku na kwa sehemu kutoka bajeti ya kawaida. Walimu wale walikuwa wamefanya kazi yao kwa uaminifu, lakini karatasi za miezi minne hazikuwa na saini. Wilaya ya elimu, yaani mamlaka inayosimamia shule zetu, ililazimika kurudisha fedha kutoka mfuko wake wenyewe.

Katika kikao kilichofuata nilisimamishwa mbele ya wenzangu, nikaulizwa kama huko nilikotoka tulikuwa na desturi ya kuweka hesabu. Msimamizi wangu, ambaye saini yake ilikuwa kwenye kila hati ya manunuzi, aliinamisha macho wala hakusema neno. Nimeshayasamehe makosa ya ofisi, lakini swali lile bado linaniuma. Baba yangu aliuza dagaa na mchele, na ukutani mwa duka lake kulikuwa na maandishi ya rangi nyekundu: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nililelewa chini ya maneno hayo, na kwa ajili ya tableti nikayasahau.

Miezi ya baada ya hapo nitaipita haraka, maana ilikuwa ya kujaza fomu na kuomba msamaha. Lililonifaa ni kwamba nilianza upya kwa kwenda majumbani. Nilikaa na akina mama wa Kikongo sebuleni mwao, tukazungumza Kiswahili, nikawauliza kwa nini watoto wao hawabaki shuleni jioni, jambo ambalo katika ripoti zetu lilikuwa limeandikwa kwamba "wazazi hawana mwamko". Mama mmoja aliniambia: "Mwalimu, mimi naingia kiwandani saa tisa. Huyu binti asiporudi, nani atawapokea wadogo zake kwenye basi?" Mwingine akauliza mtoto atarudije nyumbani saa kumi na mbili jioni, wakati wa baridi, giza limeshaingia na basi la shule halipo. Mwamko walikuwa nao tele. Kilichokosekana ni basi.

Mpango mpya tuliuandika kutokana na maneno hayo. Tuliweka basi la jioni, tukapokea wadogo wa wanafunzi wetu waliokuwa katika shule hiyohiyo, na tukawalipa wakufunzi wa kusoma wanaoketi na watoto watatu watatu. Chakula tulikipata kupitia mpango wa Wizara ya Kilimo unaolisha watoto baada ya masomo katika maeneo ambako angalau asilimia 50 ya wanafunzi wanastahili chakula cha shule cha bure au cha bei nafuu. Watoto waliobaki hadi jioni waliongezeka kutoka 19 hadi 63, na mwaka huu maombi yetu ya ruzuku mpya yamekubaliwa. Ninajivunia hilo, na ninalisema bila kuona haya.

Hata Julai 1, 2025, wakati Washington ilipozuia zaidi ya dola bilioni 6 za elimu, zikiwamo za vituo kama chetu, tulikuwa na orodha iliyoonyesha kipi kingefungwa kwanza na kipi kingelindwa hadi mwisho, na basi lilikuwa la kulindwa. Fedha ziliachiliwa baadaye mwezi huohuo, lakini nilijua vituo ambavyo tayari vilikuwa vimewaaga wakufunzi wao.

Ndugu zangu mnaopewa kazi hizi, fedha hizi zina wenyewe, na wenyewe ni watoto. Sheria ya elimu ya msingi na sekondari ya mwaka 1965, ambayo ndiyo chimbuko la Title I na iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson, ilitungwa kwa ajili ya watoto wa maskini, na fedha zake ni za kuongezea juu ya yale ambayo wilaya inapaswa kuyafanya kwa fedha zake. Kumsaidia mtoto asiyejua Kiingereza aelewe masomo ni wajibu wa shule tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols ya mwaka 1974, kwa hiyo msikubali wajibu huo uhamishiwe kwenye ruzuku yenu. Anzeni na mahitaji. Andikeni siku ileile jambo linapofanyika. Saini isikosekane. Waulizeni wazazi kabla ya kuwasema, na muwaulize kwa lugha wanayoielewa, kwa maana sheria yenyewe inataka hivyo kila inapowezekana.

Na wewe mdogo wangu uliyeniandikia, nenda kwanza ofisi ya fedha ya wilaya ukaulize kuhusu kuvusha salio. Wilaya inaruhusiwa kuvusha hadi asilimia 15 ya mgawo wake wa Title I kwenda mwaka unaofuata, na jimbo linaweza kuruhusu zaidi ya hapo mara moja katika kila miaka 3. Kisha fungua mpango wa shule yako utafute ukurasa wa tathmini ya mahitaji. Kama kompyuta zimo, na sababu yake imeandikwa, agiza. Kama hazimo, nitumie ukurasa huo kabla ya Ijumaa, tuusome pamoja kwa simu jioni, watoto wako wakishalala.