Mbwa wako anabweka kutwa kucha? Kabla hujamrushia kandambili soma hapa

Nafuga mbwa huku Goba na swali ninaloulizwa kuliko yote na wafugaji wenzangu ni hili, mbwa anabweka mpaka majirani wamenuna, tumfanyeje anyamaze. Na mimi huwa nawauliza, anambwekea nani? Maana mbwa habweki bure. Kaa kibarazani siku moja mbili umwangalie tu, anaanza saa ngapi, anaangalia upande gani, na anaacha kukitokea nini. Hilo la mwisho ndo lishike sana.

Mchukulie huyu wangu, Bosi, niliachiwa na ndugu yangu alipohamia Dodoma. Alikuwa anashinda getini, ikipita bodaboda anabweka, akipita muuza mihogo anamfuata na ukuta mpaka mwisho wa kiwanja vumbi linatimka, alafu anarudi kifua mbele. Sasa fikiria anavyoona yeye, kila anayepita anabwekewa na kila anayebwekewa anaondoka! Yule wa bodaboda alikuwa anaenda zake Madale wala hakushtuka, ila Bosi hayajui hayo, anachojua ni kwamba kabweka na adui kakimbia, na mbwa akiona jambo linamlipa atalirudia siku nzima. Na wewe ukitoka mlangoni ukaanza "we Bosi nyamaza, nyamaza!" yeye anasikia mwenye nyumba naye kaja kubweka, anaongeza sauti.

Kwahiyo kwanza mzibe macho. Geti langu lilikuwa la nondo, nikamwita fundi akapiga bati kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno. Bado anasikia, tena anasikia kuliko sisi, sikio la mbwa linafika kwenye hezi (kipimo cha wembamba wa sauti) kama 45,000 wakati la binadamu linaishia 20,000 hivi, lakini haoni tena miguu ikipita, na hilo tu lilipunguza kelele sana.

Alafu ndo unamfundisha kunyamaza, na hapa kinachofanya kazi kwangu ni dagaa. Dagaa wakavu wasio na chumvi, weka mfukoni. Akianza kubweka usipige kelele, nenda karibu yake, subiri, kuna sehemu lazima atameza mate au avute pumzi, hapo hapo sema "kimya" kwa sauti ya kawaida na umpe dagaa mmoja. Mwanzoni anapewa kwa kunyamaza sekunde 2, baadaye 5, baadaye 10, unarefusha pole pole. Anza wakati njia imetulia, sio saa watoto wanatoka shule. Na kama mbwa wako ni wa kubweka kudai, yani anataka chakula au anataka umfungulie, usimtazame wala usimjibu mpaka atulie. Jua tu kwamba siku za kwanza atabweka zaidi ya alivyozoea kwasababu njia yake imegoma, na ukichoka ukamfungulia hapo katikati umeshamfundisha kwamba inabidi abweke muda mrefu zaidi.

Sasa nije kwenye banda, hili linaniuma kweli. Wengi wetu tunamfungia mbwa bandani toka alfajiri mpaka giza liingie, tena banda la bati, joto la Dar mnalijua, tukiamini ndo atakuwa mkali. Usiku akitolewa ana nguvu za kutwa nzima hazijatumika na hajaona kitu wala kunusa kitu, mnategemea afanye nini? Mtoe asubuhi na mapema kabla lami haijachemka, mfunge kamba mzunguke mtaa, na muache anuse, usimvute vute, kunusa kunamchosha akili kuliko hata kukimbia. Mchana mwagia chakula chake kwenye majani akitafute mwenyewe. Mbwa aliyetembea na kunusa analala.

Watu wananiambia, sasa nikimfundisha kimya si wezi wataingia? Jamani, mbwa anayebweka toka saa 3 usiku mpaka asubuhi hakuna mtu anaamka kumwangalia, hata mwizi analijua hilo. Bosi siku hizi anabweka, natoka naangalia, namwambia kimya, anaacha. Akiendelea baada ya hapo najua kuna kitu na nyumba nzima inaamka.

Kulia kule kwa kuvuta, wakati wa adhana ya alfajiri au king'ora cha ambulansi kikipita, usimpige. Sauti ndefu inayopanda na kushuka inamfanya aitikie, ndivyo alivyoumbwa, na haina uhusiano na msiba kama wazee wanavyosema. Sauti ikiisha na yeye ataacha.

Kuna mbwa anayelia pale tu mkiondoka wote, mkirudi mnakuta kakwangua mlango na kajikojolea, huyo ana hofu, fimbo itamzidishia. Mzoesheni kubaki peke yake dakika chache chache kwanza. Na mbwa mtulivu aliyebadilika ghafla muiteni daktari wa mifugo amkague masikio, meno, ngozi kama kuna funza au kupe, na kama ni mzee huenda masikio na macho yanapungua ndo maana usiku anashtuka.

Kumfunga mdomo kwa kamba naomba msifanye kabisa. Mbwa anajipooza kwa kuhema mdomo wazi, ukimfunga kwenye joto hili unaweza kumuua. Na hii mikanda ya shingoni ya kupiga shoti, Wales waliipiga marufuku toka 2010, na mimi naona walifanya vizuri, mbwa anaumia alafu anaanza kumchukia huyo aliyekuwa anapita.

Kabla hujaanza mazoezi gonga hodi kwa jirani umwambie, shikamoo mzee, mbwa tunamfundisha, wiki hii kelele zinaweza kuzidi kidogo, tuvumilie. Na muulize saa ngapi huwa anabweka mkiwa hampo, kwasababu hizo saa wewe huzijui na yeye anazijua zote.